UZI: Seli ya kitabuni haipo popote. Tuzitazame seli halisi, tuanze na kitunguu

#1 – Mwl_Baiolojia

Wakuu, salaam.

Mwanafunzi anayechora "seli ya mmea" na "seli ya mnyama" vizuri kabisa anaweza kuwekewa slaidi kwenye hadubini asijue anachokitazama. Kosa si lake. Ule mchoro wa kitabuni umekusanya viungo vya seli za aina nyingi ukaviweka mahali pamoja. Hakuna seli hata moja inayofanana nao. Seli ya kitunguu haina kijani, chembe nyekundu ya damu yako haina kiini, na seli ya msuli wa mkono ina viini vingi. Anayeukariri mchoro bila kujua hilo, atababaika.

Nadharia ya seli ina kauli tatu: viumbe hai vyote vimeundwa kwa seli, moja au zaidi, seli ndicho kipande kidogo kabisa chenye uhai, na kila seli hutokana na seli iliyotangulia. Kila kauli ina kitu cha kukiona kwa jicho, na ndiyo maana ya uzi huu. Naanza na kitunguu, wengine mtaendeleza.

Kata kitunguu vipande vinne, toa maganda makavu, kisha chukua gamba moja lenye nyama. Upande wa ndani, ule uliobonyea, una ngozi nyembamba kama nailoni. Vunja gamba katikati, ushike ngozi hiyo kwa kibano na uivute taratibu. Kata kipande cha milimita 5 kwa 5. Kikizidi hapo kitajikunja, na kikijikunja utaona tabaka mbili za seli zilizopishana usielewe chochote.

Weka tone moja la maji katikati ya slaidi, tandaza ngozi juu yake, dondosha tone moja la aidini, subiri dakika 1 hadi 2. Kifuniko cha slaidi kisimamishe pembeni mwa tone kwa mshazari wa nyuzi 45, kisha kilaze polepole kwa ncha ya sindano. Ukikidondosha kwa mara moja utafungia hewa. Maji yaliyofurika yafyonze kwa tishu kutoka ukingoni, usibonyeze juu.

Anza na lenzi ndogo ya 4x, halafu 10x, halafu 40x. Utaona vyumba virefu vilivyopangwa kama matofali, kila kimoja na kidoa cha kahawia: hicho ndicho kiini. Mara nyingi kimesukumwa ubavuni, kwa sababu katikati pote pamejaa vakuoli, mfuko wa maji.

---

#2 – FundiHadubini

Mwalimu ameeleza vizuri. Naongeza mambo yanayoharibu kazi hata slaidi ikiwa safi.

La kwanza ni mwanga mwingi. Ngozi ya kitunguu ni angavu; ukiifungulia taa yote, kuta hupotea machoni. Punguza tundu la mwanga lililo chini ya meza ya hadubini mpaka mistari ya kuta ionekane. Wengi hudhani lenzi ni mbovu, kumbe ni mwanga tu.

La pili, viputo vya hewa. Duara lenye ukingo mweusi mnene na katikati paking'aa si seli. Gusa kifuniko kidogo kwa sindano: kiputo hukimbia au hubadilika umbo, seli haifanyi hivyo.

La tatu, ukiwa kwenye 40x usiguse kabisa skrubu kubwa ya kulengea. Lenzi hiyo hukaa chini ya milimita moja kutoka kwenye kifuniko; ukizungusha skrubu kubwa utavunja kifuniko na kukwaruza lenzi. Lenga kwa 10x kwanza, geuza, kisha malizia kwa skrubu ndogo.

---

#3 – Swali_Kidato2

Shikamoo mwalimu. Vitabu vinasema seli ya mmea ina kloroplasti, zile punje za kijani. Kitunguu ni mmea. Kijani kiko wapi?

Na swali la pili: aidini si hugeuka buluu-nyeusi ikigusa wanga? Mbona kwenye kitunguu inabaki njano na kahawia tu?

---

#4 – Mwl_Baiolojia

Marahaba. Maswali yote mawili ni mazuri, na yanajibiwa na neno moja: kazi.

Gamba la kitunguu hukua ardhini gizani. Kazi yake ni kuhifadhi chakula, hivyo kutengeneza umbijani huko ni hasara. Majani yake ya juu yamejaa kloroplasti. Maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya kiini ni yaleyale kwa jani na kwa gamba; tofauti ni sehemu gani ya maelekezo inayosomwa.

Kuna jambo watu hawalisemi. Kloroplasti ina ndugu. Zote huanzia kwenye kijipunje kimoja kichanga, kisha kila kimoja hufuata njia yake: kwenye jani huwa kloroplasti, kwenye kiazi huwa ghala la wanga, kwenye nyanya na pilipili mbivu huwa punje za rangi nyekundu na chungwa. Kiazi mviringo kilichoachwa juani hugeuka kijani chini ya ganda kwa sababu punje zake zinageuka kuwa kloroplasti. (Wakati huohuo kiazi huongeza sumu ya solanini, kwa hiyo sehemu ya kijani ikatwe itupwe.)

Swali la pili: kitunguu hakihifadhi wanga. Hifadhi yake ni sukari, ndiyo maana kikikaangwa polepole kinakuwa kitamu. Aidini hapo inashika protini za sitoplazimu (ute unaojaza seli) na za kiini, na rangi yake hubaki njano-kahawia. Ukitaka kuona buluu-nyeusi, paka ute wa ndizi mbichi kwenye slaidi, ongeza maji na aidini. Punje za wanga zitajaa. Rudia kwa ndizi iliyoiva sana, utakuta punje chache mno, kwa sababu wanga umegeuzwa sukari.

---

#5 – Mwanamaabara

Kwa wanaotengeneza aidini wenyewe: gramu 2 za potasiamu iodaidi, gramu 1 ya aidini ya fuwele, na maji mpaka mililita 300. Mpangilio ndio wenye kazi. Yeyusha potasiamu iodaidi kwanza kwenye maji machache, kama mililita 5 hadi 10, ndipo uongeze fuwele za aidini ukoroge mpaka ziishe, mwisho ongeza maji yaliyobaki. Ukitia fuwele kwenye maji matupu zitakaa chini siku nzima, kwa kuwa aidini haiyeyuki vizuri kwenye maji peke yake. Hifadhi kwenye chupa ya kahawia, mbali na jua.

---

#6 – Dada_Tishu

Nichukue upande wa mnyama. Seli rahisi kupata ni za ndani ya shavu.

Sukutua mdomo kwa maji kwanza, la sivyo utatazama mabaki ya ugali. Pitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu mara 5 au 6 bila kukwangua. Kipake kwenye slaidi yenye tone la maji ya chumvi ya 0.9%, yaani gramu 9 za chumvi kwa lita 1. Ongeza tone dogo la methilini buluu ya 0.5%, subiri dakika 1 hadi 2, funika. Kila mtu atumie kijiti chake, na vijiti na slaidi zilowekwe kwenye jiki: jiki ya 3.5% sehemu moja, maji sehemu sita, dakika 10.

Utaona vipande bapa vyenye kingo zisizonyooka, kila kimoja na kidoa cha buluu iliyokolea. Rangi hii ina chaji chanya, nayo DNA iliyo ndani ya kiini ina chaji hasi, hivyo hung'ang'ania kiini. Hakuna ukuta hapa, ni utando tu, ndiyo maana seli za shavu hujikunja na kulaliana ovyo wakati za kitunguu zimenyooka.

Juu ya seli hizo kutakuwa na vinukta vidogo mno vya buluu. Si uchafu wa rangi. Ni bakteria wa kinywani, na hao nao ni seli kamili, ila hawana kiini kilichofungwa kwenye utando. Seli ya shavu ina upana wa maikromita 60 hivi, bakteria ni kama 1. Slaidi moja inakuonyesha matawi mawili makubwa ya uhai.

Kosa la kawaida ni rangi nyingi: kila kitu kinakuwa buluu. Dondosha maji upande mmoja wa kifuniko, fyonza kwa tishu upande wa pili, mpaka kiini kibaki peke yake kikiwa kimekolea.

---

#7 – Pima_Kwanza

Mnataja maikromita, basi tuonyeshe zinavyopimwa. Tazama lenzi ya jicho, nyingi zimeandikwa 10x/18. Hiyo 18 ni upana wa duara unaloona, kwa milimita, kabla ya kukuzwa na lenzi ya chini. Igawe kwa lenzi ya chini: kwa 4x unaona milimita 4.5, kwa 10x milimita 1.8, kwa 40x milimita 0.45. Ukihesabu seli 6 za kitunguu zimepangana kichwa kwa mkia kutoka ukingo hadi ukingo kwenye 10x, kila moja ina milimita 0.3, yaani maikromita 300. Kama lenzi haikuandikwa namba, weka rula angavu chini ya 4x usome moja kwa moja.

Hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyo karibu kuliko maikromita 0.2. Utando wa seli una unene wa nanomita 7 hivi, karibu mara 30 chini ya hapo. Kwa hiyo anayesema "nimeuona utando" kwa hadubini ya shule ameona ukingo wa sitoplazimu, si utando wenyewe. Ribosomu, kile kiwanda kidogo cha protini, ndiyo haionekani kabisa.

---

#8 – Swali_Kidato2

Sasa kama utando hauonekani, tunajuaje upo?

---

#9 – Dada_Tishu

Kwa kazi yake, mdogo wangu. Chukua kitunguu chekundu, safari hii ngozi ya upande wa nje wa gamba, ile yenye zambarau. Rangi hiyo imo ndani ya vakuoli. Itazame kwenye maji: zambarau imejaa chumba kizima. Sasa yeyusha gramu 10 za chumvi kwenye mililita 100 za maji, weka tone ukingoni mwa kifuniko, vuta kwa tishu upande wa pili. Ndani ya dakika 2 hadi 5 zambarau inasinyaa, inajitenga na ukuta, inakuwa kijibonge katikati ya chumba.

Maji yametoka, rangi imebaki. Kuna kitu kinachoruhusu maji na kuzuia rangi, na kitu hicho ndicho utando. Ukirudisha maji safi mapema, kijibonge kinavimba tena mpaka ukutani. Ukiiacha kwenye chumvi muda mrefu hairudi.

Halafu chemsha kipande kingine dakika chache. Rangi inamwagika majini, na ukitia chumvi hakuna kinachosinyaa. Utando umeharibika, seli imekufa. Ukuta bado umesimama vilevile, kwa sababu wenyewe ni selulosi tu, hauchagui nini kipite. Hapo ndipo mtihani hupenda kuuliza: nafasi kati ya ukuta na kijibonge ina nini? Si hewa, wala si maji matupu. Ni maji ya chumvi uliyotia, yaliyopita ukutani bila kizuizi.

Kachumbari inayotoa maji baada ya kutiwa chumvi ni jambo hilihili, nalo huitwa osmosi.

---

#10 – Mwanamaabara

Osmosi hiyo ndiyo inayoendesha kipimo cha malaria kila siku. Kwenye maji matupu seli ya kitunguu huvimba na kukaza, ukuta unaizuia. Chembe nyekundu ya damu haina ukuta, hivyo hupasuka. Slaidi nene ya malaria haitiwi methanoli, kwa makusudi: maji ya rangi ya Giemsa hupasua chembe nyekundu, damu inakuwa angavu, vimelea vinabaki vikionekana. Slaidi nyembamba ni kinyume chake. Inatiwa methanoli kwanza ili chembe zibaki nzima, tujue kimelea ni cha aina gani na kimekaa vipi ndani ya chembe. Mtu akimwagia methanoli ile sehemu nene kwa bahati mbaya, chembe hazipasuki na slaidi haisomeki.

---

#11 – Mpinzani_wa_Haki

Ngojeni kwanza. Chembe nyekundu haina kiini wala mitokondria (viwanda vya nguvu). Haigawanyiki. Kwa nini iitwe seli? Na virusi je? Naona hii nadharia ina mapengo.

---

#12 – Mwl_Baiolojia

Hoja halali mkuu, tuijibu kwa utaratibu.

Chembe nyekundu ilizaliwa na seli yenye kiini, ndani ya uroto wa mfupa. Kabla ya kuingia kwenye damu ilitoa kiini chake nje, ikabaki mfuko ambao theluthi ya uzito wake ni himoglobini. Ina utando, inavunja glukosi kupata nguvu bila oksijeni (ingekuwa ajabu mbeba mizigo aule mzigo), inasukuma chumvi nje. Haiwezi kukarabati protini zake, ndiyo maana huishi siku 120 hivi na kuondolewa. Ni seli iliyomaliza mafunzo na kubaki na kazi moja.

Na si kila mnyama yuko hivyo. Akichinjwa kuku, chukua tone la damu kabla halijaganda. Weka mwishoni mwa slaidi, gusisha slaidi ya pili kwa mshazari wa nyuzi 30 hadi 45, tone litandae ukingoni, kisha sukuma mbele kwa mkono mmoja usiosita. Kausha kwa hewa, tia methanoli dakika 1 hadi 2, Giemsa ya 10% dakika 10, suuza. Chembe nyekundu za kuku ni duara refu, na kila moja ina kiini cha zambarau katikati. Viini vikitoka vyeupe-vyeupe na kila kitu kuwa waridi, maji yako yana asidi. Giemsa inataka pH 7.2.

Damu ya kuku ina historia hapa. Robert Remak, miaka ya 1840 na 1850, aliona chembe za damu za kiinitete cha kuku zikigawanyika mbili. Wakati huo wakubwa wa fani waliamini vingine. Robert Hooke aliona vyumba vya gome la koki mwaka 1665, lakini vilikuwa kuta tupu za seli zilizokufa. Matthias Schleiden mwaka 1838 alisema mimea imeundwa kwa seli, Theodor Schwann mwaka 1839 akaongeza wanyama. Walikuwa sahihi hapo, wakakosea kwenye asili: walidhani seli mpya huganda kutoka kwenye ute, kama fuwele. Kauli ya tatu ilisimama mwaka 1855, Rudolf Virchow alipoandika kwamba kila seli hutoka kwenye seli. Vitabu vingi humtaja Virchow peke yake. Remak alikuwa ameshaonyesha, na ni haki atajwe.

Virusi si seli, na nadharia haisemi ni seli. Haina ribosomu, haitengenezi protini yake wala nguvu yake; mpaka iingie ndani ya seli ndipo inakiliwa. Hiyo inaipa nguvu kauli ya pili.

Pengo la kweli liko kwingine: kauli ya tatu haituelezi seli ya kwanza kabisa ilitoka wapi.

---

#13 – Swali_Kidato2

Kazi za viungo tunaambiwa tukariri: mitokondria nguvu, ribosomu protini, Golgi kufungasha. Kuna namna ya kuelewa bila kukariri?

---

#14 – Dada_Tishu

Fuata protini moja safarini. George Palade na James Jamieson walitumia seli za kongosho, ambazo kazi yake ni kutengeneza vimeng'enya vya kusagia chakula kwa wingi. Walizipa asidi amino (matofali ya kujengea protini) zenye mnururisho kwa dakika 3, wakazikatia, kisha wakatazama mnururisho uko wapi kila baada ya muda. Dakika 3: uko kwenye retikulamu yenye ribosomu, yaani mtandao wa utando ambako protini hutengenezwa. Dakika 20 hivi: umefika Golgi. Karibu saa 2: umo kwenye vifuko vilivyo tayari kumwagwa nje ya seli. Palade alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1974, pamoja na Albert Claude na Christian de Duve.

Ukishaijua safari hiyo, muundo wa kila seli unautabiri mwenyewe. Seli ya kongosho lazima iwe na retikulamu nyingi. Msuli wa moyo usiopumzika lazima ujae mitokondria. Manii yana mitokondria zimezungushiwa shingoni, karibu na mkia unaopiga.

Na jambo dogo kwenye molekuli laweza kubadilisha umbo la seli nzima. Kwenye selimundu, asidi amino moja tu ya mnyororo wa beta wa himoglobini, ya 6, imekuwa valini badala ya glutamati. Oksijeni ikipungua, himoglobini hujishika kuwa nyuzi, chembe inapinda kama mundu, inaziba mishipa midogo, na huishi siku 10 hadi 20 tu.

---

#15 – Mpinzani_wa_Haki

Nimekubali kuhusu chembe nyekundu. Sasa nionyesheni hiyo kauli ya tatu bila kumwamini Virchow wala Remak.

---

#16 – Mwanamaabara

Kitunguu kilekile, mkuu. Kikalishe juu ya glasi, kitako kiguse maji, badilisha maji kila siku. Siku 2 hadi 3 mizizi inatoka. Kata ncha, uiweke kwenye spiriti sehemu 3 na asidi asetiki kali sehemu 1, mpaka kesho yake. Suuza, kisha asidi hidrokloriki ya mola 1 kwenye joto la nyuzi 60 za Selsiasi kwa dakika 5 hadi 10. Hii inalegeza gundi kati ya seli. Suuza tena, bakiza milimita 2 za mwisho tu, tia rangi ya aseto-oseini dakika 10, funika, weka tishu juu na ubonyeze wima kwa dole gumba bila kusugua.

Wengi hushindwa kwa sababu wamekata sentimita nzima. Kugawanyika kuko kwenye ncha tu. Juu yake seli zinarefuka, hazigawanyiki. Seli zikibaki zimerundikana, asidi haikukaa vya kutosha. Zikiwa zimevurugika kabisa, dole lilisugua.

Kwenye 40x tafuta seli ambazo viini vyake vimekuwa nyuzi zilizokolea rangi. Nyingine utazikuta nyuzi zimejipanga mstari katikati, nyingine zinavutwa pande mbili, nyingine tayari kuna viini viwili na ukuta mchanga unachorwa kati yao. Nyuzi hizo ndizo kromosomu, na kitunguu kina 16. Ukipata seli iliyotandazika vizuri, zihesabu.